Pikapu namba A, kilometa 61,000: dili au changa la macho?

Kaa mkao wa kula, maana wiki hii nataka tuongee habari za pikapu. Najua wengi mnaofungua ukurasa huu akili zenu ziko kwenye magari ya kutanulia Jumamosi jioni, yale ya vioo vyeusi na muziki mnene unaotikisa mpaka vyombo vya jirani kabatini. Hewala, nayo yana wakati wake. Lakini mjini hapa kuna vijana wameshastuka. Wamegundua kwamba gari la kutanua linakula hela na pikapu inaleta hela. Muuza kuku, fundi wa aluminiamu, mpambaji wa kumbi za harusi, kijana wa viti na maturubai, wote hao kila asubuhi wanamlipa mwenye Kirikuu, na jioni wakipiga hesabu wanakuta faida imebebwa na gari la mwenzao.

Ndipo linapokuja swali ambalo nimeshaulizwa mara nyingi kuliko hata maswali ya mapenzi: "Kaka, nimeona Hilux ya zamani kweli, lakini kilometa zake chache ajabu. Ninunue?"

Kwanza tuelewane kwa nini watu wanarudi kwenye vyuma vya zamani. Si ushamba. Hilux mpya ni bei ya kiwanja pamoja na msingi wa nyumba juu yake. Kuagiza iliyotumika kutoka nje nako kuna ushuru, na gari likiwa na umri mkubwa ushuru unaongezewa. Halafu kuna jambo ambalo madalali wengi hawalisemi, pengine hata hawalijui: Toyota waliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, wakairudisha sokoni huko mwaka 2017. Kwa hiyo kijana akikwambia anakuagizia Hilux ya 2010 "iliyotembea Japani, mikononi mwa mtu mmoja", mwulize vizuri. Za miaka hiyo hutoka kwingine, Thailand, Uingereza, Afrika Kusini, au zinapitia Dubai, na huko pikapu hufanyishwa kazi kweli kweli, haitunzwi kama mwali. Basi mtu mwenye vijisenti vyake vya kubana anaona heri anunue ya hapa hapa, ya mkononi, ambayo anaweza kumwuliza mwenyewe uso kwa uso.

Na hapo ndipo kilometa chache zinapoanza kuimba. Muuzaji akishajua mita inasoma kidogo, mengine yote hayasemi. Hasemi habari ya tairi, hasemi habari ya kutu, ni "elfu sitini tu bosi wangu, hii haijafunguka." Utafikiri anauza bikira.

Mimi nasema hivi: kilometa chache ni madai, si sifa. Mtu akidai kitu, kazi yako ni kumwuliza ushahidi. Na hata ushahidi ukitimia, kuna hesabu nyingine inakusubiri, ile ya miaka. Wengi wanafanya hesabu ya kwanza wakaisahau ya pili.

Tuanze na madai ya uongo, maana ndiyo rahisi. Mwaka jana mshikaji wangu mmoja tunayefanya naye kazi alinivuta kwenda kutazama pikapu kwenye yadi moja ya pembezoni mwa barabara kubwa. Singo kebini, rangi imepigwa juzi, inang'aa kama kiatu cha polisi siku ya gwaride. Mita inasoma 78,000. Sikugusa injini. Nilifungua mlango nikatazama chini, kwenye pedeli. Mpira wa pedeli ya klachi ulikuwa umelika mpaka chuma kinachungulia. Kichwa cha gia zile namba zake zimefutika kabisa, huwezi kujua ya kwanza iko wapi na ya tano iko wapi. Usukani umekuwa laini upande wa juu pale dereva anapolaza mkono. Kiti cha dereva kimezama kushoto kama kitanda cha gesti. Sasa niambie, elfu sabini na nane gani hiyo inayokula chuma?

Tukaomba kuiendesha. Tumetembea kama nusu kilometa, mshale wa spidi umelala palepale kwenye sifuri, haujatikisika. Dalali akacheka akasema, "Hiyo fuse tu braza, mtaweka." Fuse! Kwenye pikapu nyingi za zamani mita inazungushwa na kebo inayotoka kwenye gia boksi. Ikikatika, au mtu akiichomoa, gari linatembea mpaka Tunduma na kurudi mita imelala usingizi. Kilometa zile 78,000 zilikuwa za kweli kabisa, ila zilikuwa za siku kebo ilipokatika, na siku hiyo ilikuwa zamani sana.

Kuna na mtego mwingine, wa magari ya miaka ya 70 na 80. Mengi yalikuwa na mita ya tarakimu tano tu. Ikifika 99,999 inageuka na kuanza sifuri upya, bila hila ya mtu yeyote. Ile Hilux ya babu inayosoma 43,000 inaweza kuwa 143,000, inaweza kuwa 243,000, na muuzaji anaweza kukuapia kwa vitabu vyote viwili asiwe mwongo.

Haya, tukaondoka pale yadi, mshikaji amenuna kwa sababu rangi alikuwa ameipenda. Lakini kisa ninachotaka kukwambia si hicho. Ni kile cha gari ambalo kilometa zake zilikuwa za kweli.

Mdogo wangu wa kike anafuga kuku wa nyama Kibaha. Anapeleka kwenye mabaa na migahawa ya Sinza, Mwenge mpaka Tegeta. Safari nne kwa wiki, wakati mwingine tano, na kila safari anamlipa mwenye Kirikuu elfu arobaini. Piga hesabu mwenyewe: hapungui laki sita na arobaini kwa mwezi. Alibana miaka minne, akaongeza na mgao wake wa kikoba, akafika milioni kumi na tano. Hiyo ndiyo hela yote. Hakuna nyingine nyuma yake, na ndani yake mna mkopo wa wenzake ambao kila mwisho wa mwezi wanakaa kwenye mkeka kuusubiri. Akinunua mkweche, haanguki peke yake.

Basi akapata taarifa ya pikapu Kunduchi. Hilux ya 1998, singo kebini, dizeli, injini ya 3L, ile ya cc 2,779. Namba A. Kwa ambao hamjui, hizi herufi za mwisho kwenye kibao ndizo zinazotambulisha gari liliandikishwa kipindi gani, na sasa hivi tuko namba E, kwa hiyo ukipita na namba A vijana wa bodaboda wanakupisha kwa heshima ya wazee. Mita inasoma 61,000 na kitu. Bei milioni kumi na nne.

Dalali alikuwa ameshamwambia kuna watu wengine watatu wanakuja, atoe kishika uchumba cha laki tano haraka. Nikamwambia mdogo wangu, wasichana wazuri huwa wana wachumba wengi, lakini pikapu ya 1998 imekaa inauzwa tangu mwezi wa pili, haiwezi kuolewa leo saa nane. Asitoe hata senti. Tukaongozana, mimi, yeye, na fundi wangu wa gereji ya chini ya mkungu, mzee wa makamo asiyecheka hovyo.

Niliomba jambo moja kabla hatujafika: gari lisiwashwe. Tulipofika nikaweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Hiyo ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu injini ya dizeli iliyochoka ukiipasha moto kwanza inakudanganya vizuri sana. Ikiwashwa ya baridi ndiyo inasema ukweli: inahangaika au haihangaiki, moshi mweupe unakata au haukati, unageuka wa bluu au hapana. Hii ya Kunduchi ilihangaika kidogo, ikatoa moshi mweupe kama dakika moja, ikatulia. Fundi akaitika kwa pua tu, "Mh." Kwake hiyo ni sifa.

Pedeli, mpira wake mzima, mistari inaonekana. Kichwa cha gia kina namba zake zote. Usukani una ule ukavu wake wa kiwandani. Kule nyuma kwenye bodi kulikuwa na mikwaruzo ya majembe na madebe, lakini sakafu haijabonyea. Tulipoiendesha mshale wa spidi ulipanda na kushuka kama inavyotakiwa. Kila kitu kilikubaliana na mita. Na kadi ilikuwa na jina la mwenye nyumba, siyo jina la marehemu fulani ambaye msimamizi wa mirathi yake hajulikani aliko. Hilo la mirathi liangalie sana, limewatoa watu machozi.

Kisha akatoka mwenyewe. Mzee wa miaka themanini hivi, msuli, kofia, fimbo. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, karibuni." Aliinunua mpya mwaka ule aliolipwa mafao yake, kwa ajili ya shamba lake la Bagamoyo. Mwanawe alikuwa ameshaanza kutueleza habari za elfu sitini na moja, mzee akamnyamazisha kwa kidole, akamwagiza mjukuu alete kaunta buku.

Msomaji, nimeona magari mengi lakini kitabu kama kile sijaona. Kila alipobadilisha oili, aliandika tarehe na kilometa kwa kalamu ya bluu. Kila filta. Kila tairi. Kila alipokwenda shamba. Mdogo wangu aliangalia ukurasa wa kwanza na wa mwisho akanikonyeza, kwamba hapa tumefika, kilometa ni za haki. Na kweli zilikuwa za haki.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kufanya mahesabu. Kilometa 61,000 kwa miaka 27 ni kama 2,260 kwa mwaka, kiasi cha 188 kwa mwezi. Hiyo ni Dar kwenda Morogoro mara moja kwa mwezi, bila kurudi. Ukiisikia hivyo unaona mzee mtulivu, anatembea taratibu, gari limetunzwa. Kumbe wastani ni mwongo mzuri. Kitabu kilisema vingine. Kufikia mwaka 2009 alikuwa ameshatembea 48,000. Hayo ni matumizi ya mtu wa shamba, sawasawa kabisa. Kutoka 2009 mpaka 2019, elfu kumi na mbili tu; mguu ulianza kumsumbua. Na kutoka 2019 mpaka siku ile tumesimama pale, kilometa elfu moja na ushee. Oili ya mwisho: 2019.

Maana yake nini? Maana yake tulikuwa tunatazama magari mawili ndani ya bodi moja. Kuna Hilux ya mzee wa shamba, nzuri, iliyotumika kwa adabu. Na kuna Hilux iliyokaa miaka sita chini ya banda, mita mia chache kutoka baharini, ikila upepo wa chumvi.

Gari lililolala halipumziki, linaoza polepole. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata kama hujakanyaga pedeli mwaka mzima, ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Yakikaa sita, silinda za breki zinashika kutu kwa ndani. Mipira ya kuzuia oili inakauka na kuanza kuvuja ukishaanza safari ndefu. Tangi la dizeli linatoa jasho ndani, maji yanakaa chini. Panya nao wanahamia kwenye nyaya, na panya hajali namba A wala namba E.

Fundi alizunguka kwenye tairi. Zilikuwa na kashata ndefu, unaweza kusema mpya. Akapangusa vumbi pembeni akatuonyesha tarakimu nne: 2311. Hizo zimo kwenye kila tairi, jifunze kuzisoma, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 23, mwaka 2011. Kashata nzuri, mpira umekufa, una nyufa kama ardhi ya Dodoma mwezi wa kumi. Hizo ndizo zinazopasuka Mbezi kwenye mteremko ukiwa na kuku mia tatu nyuma.

Akaingia chini. Hapa ndipo roho ya pikapu ilipo. Injini hununuliwa, gia boksi hununuliwa, spea za Hilux utazikuta Kariakoo na Ilala mpaka ushindwe wewe. Chesisi iliyooza hununui. Fundi alikuwa na bisibisi na nyundo ndogo. Anachokoa, anagonga, anasikiliza. Sisi tumesimama kimya kama tuko kwenye chumba cha daktari. Chesisi yenye afya inalia ngii, iliyooza inasema bwe. Tulisikia ngii, ngii, ngii, kisha nyuma kabisa karibu na kikombe cha springi ya kushoto, tukasikia kitu cha katikati. Akachokoa sana pale. Likatoka gamba, chini yake chuma. Akatoka kule amechafuka akasema, "Inapona. Mwaka mmoja zaidi hapa, nisingekwambia hivyo."

Kwangu mimi hapo ndipo lilipokuwa jibu la ndiyo au hapana. Kama bisibisi ingezama, tungemwaga mzee kwa heshima tukaondoka, hata kama angetuuzia nusu bei na kitabu juu. Yaliyobaki yote ni suala la hela.

Na kubwa kuliko yote yaliyobaki lilikuwa limejificha mbele ya injini. Fundi alimwuliza mzee, mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? Mzee akapekua kitabu, hakuna. Akasema taa yake haijawahi kuwaka. Na ni kweli, hizi dizeli za Toyota zina taa ya kukumbusha mkanda, inawaka ikifika kilometa laki moja. Hii haikufika laki, taa ingewaka vipi? Kwa hiyo mkanda ule ulikuwa wa kiwandani, wa 1998. Mpira wa miaka 27 unaozungusha moyo wa injini. Ukikatika ukiwa barabarani, pistoni na valvu zinagongana, na hapo huongelei mkanda tena, unaongelea silinda hedi. Umeona uzuri wa kilometa chache ulivyogeuka? Gari lililotembea laki mbili mkanda wake ulishabadilishwa, kwa sababu taa ilimpigia kelele mwenyewe.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu alikuwa ameonyeshwa Hilux nyingine Tabata, ya fundi mwashi, kilometa 214,000, milioni kumi na mbili na nusu. Aliikataa kwa kusikia hiyo laki mbili tu. Mimi nilikwenda kuiona. Ina sura mbaya, imekunjwa fenda, kiti kimefungwa kwa kamba. Lakini kila siku inabeba mchanga, rejeta mpya, mkanda umebadilishwa mara mbili na risiti zipo, tairi za mwaka juzi. Watu wanaogopa laki mbili kama ukoma. Wale Waingereza wa kipindi cha Top Gear waliochukua Hilux ya 1988 mwaka 2003 wakaizamisha baharini, wakaichoma moto, wakaipandisha juu ya ghorofa lililolipuliwa, na bado ikawaka kwa kutengenezwa na vifaa vya kawaida tu bila spea, unajua mita yake ilikuwa ngapi kabla hawajaanza? Karibu kilometa 305,000. Sisemi ukanunue laki tatu. Nasema injini ya namna hii haifi kwa kutembea.

Basi tukakaa barazani kwa mzee, fundi akaandika nyuma ya boksi la filta. Tairi nne. Mkanda na roli zake. Mabomba yote ya maji. Silinda za breki na mafuta yake. Betri. Kufungua tangi na kuliosha, filta, nozeli kupimwa. Kuchomelea sakafu upande wa abiria na kupaka dawa ya kutu chesisi nzima. Jumla milioni mbili na laki tisa, bila kuweka la ziada, na la ziada halikosekani.

Mwana wa mzee akaja juu. "Jamani, elfu sitini na moja! Nionyesheni nyingine mjini hapa!" Nikamwambia kweli, haipo, na ndiyo maana tumekaa hapa saa tatu. Lakini kilometa chache hazipandishi bei ya gari la miaka 27 juu ya lile linalofanya kazi kila siku. Kwanza zinalingana, kisha unatoa gharama ya kuliamsha. Mdogo wangu akasema milioni kumi na moja. Dalali akashika kichwa, maana cha juu chake alikuwa ameshakipigia hesabu kwenye kumi na nne.

Mzee alikuwa kimya muda wote. Akaomba lile boksi, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari kama anasoma barua ya mahakama. Alipofika kwenye mkanda wa taimingi alimtazama fundi akauliza, "Wewe ungeiendesha hii kesho kwenda Kibaha?" Fundi akasema, "Mzee, hata kwenda Tegeta nisingeiendesha." Mzee akarudisha boksi. Kumi na moja na nusu, na hataki kusikia neno tena kutoka kwa yeyote, na aliposema yeyote alimtazama mwanawe.

Hela ilipitia benki, siyo kwenye mfuko wa rambo. Kabla ya hapo mdogo wangu aliangalia kwa simu kama namba ile inadaiwa faini za trafiki, fundi akalinganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi, na mzee mwenyewe akaenda kusaini karatasi za kuhamisha jina, kwa fimbo yake, kwa sababu alikataa kumtuma mtu. Gari halikuendeshwa kutoka pale. Lilivutwa mpaka gereji, majirani wa Kunduchi wakicheka kwamba dada wa watu ameuziwa maiti.

Fundi alipoutoa ule mkanda aliukunja kidogo tu mbele yetu, meno matatu yakadondoka sakafuni. Mdogo wangu aliuchukua, akautundika msumarini kwenye banda la kuku, na wafanyakazi wake wameonywa wasiuguse. Kutengeneza kulifika milioni tatu na laki moja, kwa hiyo amebaki na laki nne za kuanzia mafuta na bima. Bado mpira mmoja wa oili unavuja, fundi amesema wa nyuma ya injini, atauvumilia mpaka baada ya sikukuu.

Mzee anampigia kila Jumapili baada ya alasiri. Haulizi kama gari zima. Anauliza mita inasoma ngapi, na unamsikia kabisa anaandika. Jumapili iliyopita ilikuwa 63,870.